Sekunde Nne

Mchwa tunamwita, kijiko cha tani tatu.
Anachimba mtaro wa bomba kutoka Nala,
kando ya mashamba ya zabibu,
hadi kwenye tangi ambalo halijapakwa rangi.
Kazi yangu ni kumkalia mgongoni,
yake ni kunitii.

Kuna adabu alizaliwa nayo:
ukiachia wenzo, ukanyoosha kiuno,
ukimngoja Mahinyila apime kina kwa kamba,
Mchwa huhesabu sekunde nne,
kisha hushusha sauti mwenyewe,
akabaki kunong'ona kwenye sailensa.
Ukimgusa tena, hata kwa kidole,
huinuka na kuitika.

Tangu Machi hashuki.
Naachia mikono yote miwili, naipakata,
nahesabu nne, nahesabu arobaini,
naye ananguruma vilevile
kama mtu anayegombana na aliyekwisha kuondoka.

Tangi la jioni likawa linakauka saa nane mchana.
Bwana Lyakurwa akaja na daftari.
Hakutamka neno mwizi. Alisema,
"Lita sita, Chilongani. Kila siku. Zinakwenda wapi?"
Mwisho wa mwezi bahasha yangu
ilipungua elfu sitini.
Mke wangu aliipima kwa vidole
kabla hajaifungua.

Sechelela, fundi wa Kizota, alifika kwa bodaboda,
sanduku la spana mapajani.
Hakuniuliza kama naiba.
"Asubuhi, injini ikiwa baridi, anashuka?"
"Hashuki."
"Ukibonyeza swichi ya dashibodi, taa inawaka?"
"Inawaka."
Akaitikia kwa kichwa kama mkunga.

Fyuzi akaichomoa, akaiinua juani: nzima.
Mkono wa mafuta akausukuma: laini,
ukarudi wenyewe bila kukwama.
Vumbi jekundu akalipuliza, likamrudia usoni.
Kisha akalala chali chini ya sakafu ya kibanda,
sauti ikatoka humo kama ya kisimani:

"Hapa kuna swichi ya presha.
Ukishika wenzo, mafuta yanaisukuma,
nayo inaiambia injini: mkono upo, usilale.
Sasa naing'oa plagi yake.
Hakuna tena wa kuiambia lolote. Hesabu."

Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Mchwa ananguruma.

"Basi swichi haina kosa.
Mdomo nimeuziba na maneno bado yanasikika.
Muongo ni waya."

Akaufuata kwa ncha za vidole,
taratibu, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto,
ukapita chini ya zulia la mpira,
ukapanda nyuma ya kiti,
hadi kwenye kijisanduku cheusi
kinachopeleka hesabu ya dizeli kwenye simu ya bosi.
Skurubu yake, mpya, ndefu kupita kiasi,
ilikuwa imeuchuna waya ngozi
na kuukandamiza kwenye bati.

Kilifungwa Machi.
Ili kunikamata.

Sechelela hakucheka. Niliyecheka ni mimi,
kicheko kibaya, nusu yake kikohozi.
Yeye alizungusha utepe mweusi mara tano,
akaweka skurubu fupi,
ile ndefu akaniwekea kiganjani.
"Washa."

Nikawasha, nikapandisha moto,
nikagusa wenzo, nikauachia.
Moja. Mbili. Tatu.
Ya nne sikuitamka.
Mchwa alishusha pumzi,
na kwa mara ya kwanza tangu masika
nikawasikia ndege kwenye zabibu,
na Mahinyila, ng'ambo ya mtaro,
akiimba vibaya.

Jioni Bwana Lyakurwa aliichukua ile skurubu,
akaigeuzageuza,
akaitia mfukoni mwa shati.
Akasema mtaro umenyooka vizuri.
Elfu sitini hakuitaja.

Nami sijaitaja, bado.
Mikono nimeiweka mapajani.
Nahesabu.